Uji wa Ngano Kwenye Bawa

Juzi mwanangu alichoma boksi la chipsi jikoni, lile jeupe jepesi, na moshi wake uliponifikia puani nikakaa chini. "Mama, unaumwa?" akaniuliza. Nikamjibu hapana, ni moshi tu. Nilidanganya, na kwenye jambo hili nimezoea kudanganya tangu nina miaka kumi.

Moshi ule kwangu ni wa Mjomba Ambokile wa Tukuyu, kaka yake mama. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mjomba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai mpaka walipopunguzwa kazi, akarudi nyumbani na sanduku la vifaa na wazo moja tu kichwani: kutengeneza ndege. Ndege ya kweli, ya kukaa mtu mmoja ikaruka. Msicheke. Au chekeni tu, Tukuyu nzima ilicheka.

Madukani televisheni na deki zilikuwa zimeanza kujaa, na kila moja ilikuja imefungiwa foma nyeupe ngumu. Mjomba aliziomba foma hizo, akazigandisha kipande kwa kipande mpaka zikawa bonge refu kuliko mlango. Humo ndimo bawa lingetoka. Shida ilikuwa kulikata. Msumeno uliitafuna foma ikamwagika baraza zima kama mvua ya mawe, na kisu kiliichana ovyo. Dawa yake, alisema, ni waya uliopashwa moto kwa betri ya gari.

Waya gani sasa? Hapo ndipo nilipompenda, maana alinishirikisha kama mtu mzima. Tulianza na waya wa breki ya baiskeli. Ulikuwa mnene, ukafyonza betri bila kupata moto wa maana. Ukaja uzi wa gitaa la kwaya. Huo ulikata laini kabisa, lakini ulikatika kila ukipata moto, na mwalimu wa kwaya akaanza kuuliza maswali. Mwisho Mjomba akaleta koili ya jiko la umeme lililotupwa huko nyumba za walimu, akaivuta ikanyooka.

"Huu sasa, mwipwa," akasema. Ndivyo Wanyakyusa tunavyomwita mtoto wa dada. "Huu hauchoki."

Akaufunga kwenye upinde wa mwanzi, kwa sababu waya ukipata moto hurefuka na kulegea, na mwanzi huuvuta ukakaza. Nilikuwa nayajua hayo yote, na kuzidisha kwa saba kulikuwa bado kunanishinda.

Kukata kulitaka watu wawili. Kila upande wa foma Mjomba alipigilia ubao wenye umbo la bawa, umeandikwa namba moja mpaka ishirini. Yeye ameshika ncha moja ya upinde, mimi nyingine, foma katikati, hatuonani. Yeye anahesabu kwa sauti, na waya wangu lazima uwe kwenye namba anayoitaja. Usiwahi, usichelewe, na zaidi ya yote usisimame, maana ukisimama waya unaendelea kula.

Nilisimama kwenye kumi na mbili. Lori la mitumba lilikuwa linapanda kwenda sokoni, watoto wanalikimbilia wakipiga kelele, nami nikageuza shingo nione. Nilipozinduka Mjomba yuko kumi na nne, nikavuta haraka haraka nimfikie. Pale kumi na mbili palibaki shimo la kuenea yai la kuku.

Ningesema. Lakini Baba alikuwa ameapa kwamba nikiharibu kitu cha shemeji yake nitaiona fimbo, na Baba alikuwa mwalimu, fimbo aliijua. Mjomba alipoingia ndani kunywa chai, nilichota uji wa ngano ambao Mama aligandishia majalada ya madaftari yetu, nikauchanganya na makombo ya foma, nikaliziba shimo na kupalainisha kwa vidole vitatu. Kesho yake bawa likavishwa mashuka ya mitumba na gundi. Likapendeza, jamani!

Mzee mmoja wa Masoko alikuwa na injini ya gari dogo, nzima kabisa. Alimwambia Mjomba, "Bawa likibeba magunia manne ya viazi, injini chukua. Likishindwa, nampa mtu wa mashine ya kusaga, ananisumbua kila siku." Siku ya siku watu walijaa uani, Baba akiwemo. Likapandishwa gunia la kwanza, viazi vya Isongole. La pili. Mimi nasali. La tatu, bawa likalia ka! likavunjika palepale pa kumi na mbili.

Watu wakaangua kicheko. Mjomba akapiga magoti, akapachungulia, akapitisha kidole gumba taratibu. Kisha akapafunika kwa kiganja. Akanitazama mimi, akamtazama Baba.

"Ni waya," akasema. "Nilichagua waya mbaya. Kazi yote imeharibika."

Injini ikaenda Kinyala kusaga mahindi. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Jioni ile nilikula nikashiba.

Mjomba hakugusa foma tena. Alitengeneza redio za watu na kulima migomba yake. Nilikuja kupata ujasiri nikiwa na watoto wawili. Nilimkuta barazani anamenya ndizi, nikamweleza yote huku nalia. Alinisikiliza bila kuacha kumenya.

"Uji wa ngano, mwipwa?" akasema. "Gundi ilikuwa pale kwenye rafu. Ungeniomba, ningekupa."

Kumbe alijua siku ileile! Nilidhani mzigo utashuka. Wapi, ulizidi. Njiani kurudi nilianza kuyapanga mambo moja moja, kama alivyonifundisha kuhesabu. Waya ulikuwa mzuri. Angesema tu, "Mtoto kakosea, nipe wiki moja nikate jingine," yule mzee angengoja. Lakini fundi akishasema kifaa chake chenyewe kibovu, nani atamngoja? Ndege yake aliimaliza kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu wanaomcheka, ili Baba asinichape.

Baba hakuwahi kuzidisha fimbo tatu. Zingeacha kuuma kabla ya chakula cha jioni.