Fomu Iliyofika Nusu

Kwa miaka kumi na mmoja, kazi ya Delfina Torrico pale mjini Cochabamba ilikuwa kujaribu mifumo ya kompyuta kwa kutuma fomu mbovu. Aliandika herufi mahali pa tarehe, aliacha jina wazi, aliukata mtandao fomu ikiwa njiani, kisha akatazama seva itajibu nini. Kila jibu aliliandika daftarini. Wenzake walimtania kwamba hata mkate huujaribu kabla ya kuula. Alicheka nao, akaendelea kuandika.

Mwezi wa Machi aliletewa aijaribu fomu ya kuombea upasuaji wa macho. Alipoikata njiani, seva haikulalamika. Ilijibu, "Ombi lako limepokelewa, subiri simu," kumbe haikuhifadhi kitu. Akampelekea habari mkuu wake, Injinia Antezana.

"Nani huyo atakayetuma fomu nusu?"

"Watu wa milimani, Injinia. Wingu likishuka, mtandao unakatika."

"Wewe dada unaogopa mvua ya mwakani. Tia saini kwamba imepita, watu wanangoja."

Akatia. Daftarini akaandika: sijaridhika.

Septemba alipanda milimani kumwona Mama Casilda, mama yake wa ubatizo, aliyemlea tangu mamake mzazi afariki. Bibi alimmiminia chai ya majani ya koka. Nusu iliingia kikombeni, nusu ikamwagikia meza. Hakuwa na wasiwasi. Daktari alikuwa amemwambia kwamba baada ya Agosti kisu hakitayafaa tena macho yake, lakini Agosti ilipita naye akingoja kwa adabu, maana jirani alimjazia fomu ile kwa simu tangu Aprili, siku ya mvua, na jibu lilikuja papo hapo. Jirani alilinakili kwenye karatasi, nayo ikawekwa chini ya sanamu ya Bikira. Simu hakuizima hata kanisani.

Delfina alitoka uani, akawapigia wenzake ofisini wamtafutie jina la bibi kwenye maombi. Halikuwepo.

Aliporudi ndani, bibi alikuwa amemshikia ile karatasi.

"Nisomee tena, mwanangu. Napenda kuisikia."

Delfina hakuisoma.

"Mama, fomu yako hawakuipata. Ilikatikia njiani. Nami nilijua inaweza kutokea, nikatia saini."

Mama Casilda aliikunja karatasi taratibu, mara mbili, akifuata alama zake za zamani kwa kidole. Kisha akapapasa mezani, kwenye chai iliyomwagika, mpaka akaigusa simu.

"Basi hii," akauliza, "niizime?"