Mpishi wa Nuldo Anayesaka Mtoto wa Saba

Kifuniko cha sufuria ya wali kinagongagonga gizani. Ni saa kumi alfajiri, mwezi Mei, na Gu Mal-sun, 61, anachambua samaki kwa vidole, mwiba mmoja mmoja, katika jiko la kituo cha watoto cha kisiwa cha Nuldo, kusini mwa Korea.

Kwa kanuni, kituo hufunguliwa saa moja asubuhi. Msimu wa mavuno ya mwani, Mal-sun hukifungua wakati boti zinapoondoka.

"Mwani usipolala juani mapema, umeoza. Hausomi kanuni za wilaya," anasema.

Aliuvuna mwenyewe miaka thelathini. Kituoni anapata nusu ya kipato kile, wala hajuti.

"Wanangu watatu niliwafunga kwa mbeleko nguzoni, nikaenda baharini. Nikirudi, sauti zimewakauka."

Binti yake, aliyeko Seoul, ameapa hazai. "Aliniuliza, 'Nitamwachia nani, nguzo?'"

Zamani wilaya ilitoa won milioni tano kwa kila aliyejifungua. Watu walizaa, wakapokea, wakahamia mjini kabla mtoto hajaota meno. Miaka minne iliyopita fedha zile zikaletwa kituoni: malezi bure tangu miezi mitatu, chakula bure, na basi la shule kwa wakubwa. Tangu hapo wamezaliwa watano, kwenye kisiwa kilichokaa miaka sita bila kusikia kilio cha mtoto mchanga. Wawili wengine walihamia na wazazi wao.

Sharti ni moja: watoto wasipungue saba. Machi ijayo mmoja anaingia darasa la kwanza. Watabaki sita, na mlango utafungwa.

Pyo Hye-jin, mvunaji, anaingia na buti za mpira, mwanawe Ro-un wa miaka minne mgongoni.

"Mama Ro-un, huyu atacheza na kivuli chake mpaka lini?" Mal-sun anamuuliza.

"Kazae wewe, Shangazi."

"Mimi nilishafunga duka."

Hye-jin anacheka. Supu anayowekewa kila siku, leo anaisukuma pembeni, anakimbilia boti.

Mal-sun anamfunga Ro-un kitambaa cha kulia. Mpango wake si mkubwa.

"Machi ikipita na mlango uko wazi, nampigia binti yangu. Namwambia: njoo, yupo wa kumwachia."

Ro-un anatafuna, anameza, kisha anamtazama.

"Bibi, mama alitapika jana, na leo tena."