Milango Miwili Niliyoombwa Niitenganishe

Juzi nilikuwa Mikumi, nimekaa kwenye benchi la mama muuza chai kando ya barabara ya Iringa, nikingojea lori la kunifikisha Kilosa. Mama akaniambia, kwa sauti ileile anayotajia bei ya maandazi, "Yule mzee wako wa baiskeli, Bwana Ustawi, kazikwa Ijumaa." Nikamuuliza wapi. "Kwao, Munisagara. Walimpeleka kwa treni. Mimi nilidhani umekuja kwa ajili ya msiba." Nikasema sikujua. "Utajuaje nawe hukai mahali?" akasema, akanimiminia kikombe cha pili bila kuniuliza kama nakitaka. Sikukinywa. Lori lilipofika nililiacha likaondoka, nikabaki pale mpaka jua la mchana likanihamisha.

Wanaonifuata katika ukurasa huu wanajua kwamba miguu yangu haitulii. Nimekuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge Kimamba, nimegonga mihuri ya vifurushi vya reli, nimepokea wageni Mikumi waliokuja kutazama tembo. Popote nilipokwenda katika wilaya hii nilikutana na mtu huyu na baiskeli yake. Cheo chake cha ofisa wa ustawi wa jamii kilikuwa na maneno mengi, watu wakakifupisha wakamwita Bwana Ustawi. Alishughulikia yatima, vilema na wazee wasio na ndugu, na hapo kila mtu alimsifu. Lakini sehemu ya kazi iliyomla mwili ni ile ambayo hakuna aliyemsifia: alikuwa akikaa na vijana waliowanajisi au kuwachezea vibaya watoto wadogo. Hakimu akishamweka kijana wa namna hiyo chini ya uangalizi wake, alimfuata kwao kila wiki, mwaka mzima, hata miwili, akizungumza naye mpaka kijana ajue alichokifanya na namna ya kutokukifanya tena. Vilabuni walimwita mfuga fisi. "Bwana Ustawi, fisi wako hawajambo?" Naye alikuwa akijibu, "Hawajambo. Wanakusalimu," kisha anapanda baiskeli yake.

Nilimsikia kazini mara moja tu, bila kukusudia. Ilikuwa Kimamba, nikihesabu marobota ya mkonge nyuma ya ghala, naye amekaa upande wa pili na kijana mmoja, bega kwa bega, wote wakitazama shamba. Kijana akasema, "Shetani alinipitia, mzee." Bwana Ustawi akauliza, "Alipita saa ngapi?" Kijana akasema hakumbuki. "Alipopita ulikuwa umeshika nini mkononi?" "Ndoo." "Ya nini?" "Ya maji ya kuku." "Nani alikutuma maji ya kuku?" "Hakuna." "Basi tuanzie kwenye ndoo," akasema. Nikaelewa, na kijana naye akaelewa, kwamba ndoo ile aliichukua mwenyewe ili apate sababu ya kupita mahali mtoto alipokuwa peke yake. Shetani hakutajwa tena siku ile. Walipomaliza, mzee akazunguka ghala akanikuta. Hakunifokea. "Kabla sijaja kwa huyu nilianza kwa yule mtoto," akaniambia. "Siku zote naanza huko. Na ulichosikia kimekufa hapahapa." Kweli sikumwambia mtu, mpaka leo ambapo hakuna wa kumtambua.

Sasa nifike kwenye lililonibakiza kwenye benchi. Mwaka jana niliandika hapa habari za siku zile za kuhamia vijijini, nilipokuwa karani wa kugawa viwanja katika kijiji kimoja kipya upande wa Zombo. Nikajisifu jinsi tulivyochora mistari ya nyumba ikanyooka, na baadhi yenu mkaniandikia kunipongeza. Mlipongeza nusu ya habari. Nusu nyingine niliificha.

Wiki moja kabla ya malori kuanza kuleta watu, Bwana Ustawi alinijia na kikaratasi chenye majina ya wakuu wa kaya mbili. "Ndugu karani," akasema, "hawa wawili usiwaweke kundi moja la nyumba kumi. Kama inawezekana, mmoja awe mwanzo wa kijiji na mwingine mwisho kabisa." Nikamuuliza kwa nini. "Hilo siwezi kukuambia. Nakuomba tu kama ndugu." Kule kukataa kuniambia kulinichoma. Nilikuwa nimefika kidato cha nne, Chama kimeniamini na kalamu, na mtu huyu ananipa amri isiyo na sababu. Nikadhani labda kuna jamaa yake anayemtafutia kiwanja kizuri, maana siku zile kila mtu alitaka kuwa karibu na bomba. Nikakitia kikaratasi mfukoni.

Laiti ningeweza kuwaambia kwamba nilisahau. Siku ya kugawa, majina yale mawili yalifuatana, kwa kuwa watu wale walitoka kitongoji kimoja na lori moja. Huko walikotoka kulikuwa na mto na mashamba kati yao. Kiongozi wa operesheni ya kuhamisha watu alikuwa amesimama nyuma yangu, anasema, "Haraka, karani, jua linakwenda." Nilikumbuka kikaratasi. Nilikigusa kabisa kwa vidole. Kisha nikaandika mmoja upande huu wa njia na mwingine upande wa pili, mlango ukitazamana na mlango, hatua kumi na mbili kati yao. Nazijua kwa sababu mimi ndiye niliyezipima.

Baada ya wiki tano hivi kijana wa miaka kama kumi na sita aliingia ofisini kwangu. "Shikamoo, ndugu karani." "Marahaba. Unasemaje?" "Naomba tuhamishwe. Hata kule mwisho kwenye mawe, baba amekubali." Nikamwambia kule hakulimiki. Akasema anajua. Nikamwambia aseme sababu au atoke. Akatazama sakafu, kisha akainua macho akasema, polepole kama mtu anayevuka mto, kwamba alimnajisi mtoto wa nyumba ile iliyo mbele yao, kule walikotoka, na kwamba hakusukumwa na mtu. "Bwana Ustawi kaniambia nikimuona njiani nigeuke mimi, asigeuke yeye. Hapa sina pa kugeukia. Nikifungua mlango, ananiona. Nikikohoa, anasikia."

Nilisimama nikamwita fisi, nikamwita mengine ambayo mhariri asingeyachapa. "Unataka nikupendelee kiwanja kwa uchafu wako? Toka!" Akatoka. Nitakiri, nilijiona mtu safi sana mchana ule. Nilidhani hasira yangu ilikuwa inamtetea mtoto. Nilikuwa nimeshajua kila kitu, kifutio kiko mezani, na mtoto yuko hatua kumi na mbili kutoka kwa mtu aliyemuumiza. Sikumfikiria hata kidogo. Nilimfikiria kijana tu, na jinsi nisivyotaka kumpa anachoomba.

Mwezi uliofuata mama wa mtoto alimchukua binti yake wakarudi kwenye shamba lao la zamani. Hilo halikuruhusiwa. Mgambo waliwarudisha juu ya lori pamoja na wengine, na ni mimi niliyeandika jina la mama yule katika orodha ya watoro. Mtoto alikuwa na miaka minane. Lori liliposimama, wenzake wote waliruka chini. Yeye alikaa palepale mpaka mama yake akapanda tena kumbeba.

Bwana Ustawi alifika siku ya pili, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. "Kile kikaratasi kiko wapi?" Nikasema kimepotea. Akasema, "Twende kwa mama." Tulimkuta anapepeta mahindi. Hakutukaribisha tukae. Salamu ya mwenzangu aliiitikia, ya kwangu aliiacha hewani.

"Wewe ndiye uliyetupanga hapa?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ulidhani unapanga nini, matofali?" Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake. "Mwanangu hatoki nje mpaka achungulie kwanza. Bombani haendi. Chooni haendi mpaka nimshike mkono. Nimekimbia, mmenirudisha. Haya, niambie sasa niende wapi."

Nikasema kwa haraka kwamba nitamhamisha leo leo, nimpe kiwanja chochote anachokitaka. Bwana Ustawi akanishika mkono. "Huyu mama hahami tena," akasema. "Atahama kijana." Nilirudi ofisini nikafuta jina moja na kuliandika penye mawe. Kazi yote ilichukua muda usiotosha kunywa chai. Kijana na baba yake walibeba nguzo zao siku nzima, wakipita nyuma ya mashamba, njia ndefu, ili wasikatize mbele ya ule mlango.

Mimi niliondoka kijijini kabla ya mavuno, kama kawaida yangu. Miaka kadhaa baadaye nilikutana na Bwana Ustawi kituo cha Kilosa. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje. "Alianza kwenda bombani peke yake baada ya masika mawili," akasema. Na kijana, je, hakurudia? "Najua mpaka Jumatano, siku niliyomwona. Ya baada ya Jumatano nitayajua nikimwona tena." Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwomba radhi. Badala yake nilimuuliza habari za mvua. Treni ikaja.

Baada ya kusikia kifo chake sikwenda Munisagara. Nilikwenda Zombo, nikatembea mpaka kijijini. Mama yule yupo, nywele zimeingia mvi. Binti amemaliza darasa la saba na anajifunza ushonaji kwa shangazi yake, sikuomba kumwona. Nikampa mama pole ya msiba wa mzee. Akasema yeye alikuwepo mazikoni. Nikamwambia kilichonileta: kwamba niliombwa mapema, nilikumbuka kwa wakati, na sikufanya, kisha kijana mwenyewe akaja, nikamfukuza. Hilo la mwisho hakuwa akilijua. Aliketi kwenye kinu kilichokuwa kimelazwa ukutani.

"Alikuja kuomba wahame?" akauliza.

"Alikuja."

"Nawe ukajua?"

"Nikajua."

"Basi hofu ya mwanangu katika ile miezi ya mwisho ilikuwa kazi yako," akasema. "Si yake." Hakuniambia amenisamehe. Alinisindikiza mpaka njiani kwa sababu ya adabu yake, nami nikaenda zangu.

Nimeandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye kalamu, mihuri na orodha, na kwa kila mtu anayeona raha ya kumlaani mkosaji. Laana zangu hazikumpunguzia mtoto hata hatua moja ya hofu. Mzee tuliyemcheka alijua jambo ambalo mimi nimelijua kwa kuchelewa: ukisikia kwamba mtu mmoja amemuumiza mwingine, tafuta kwanza yule aliyeumizwa yuko wapi, na nani yuko mbele ya mlango wake. Fanya hilo kwanza. Hasira itakungoja.