Njia ya Maji Pale Jipe

Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa Ziwa Jipe, upande wa Mata. Babu yangu alivuka na mtumbwi kutoka Upare, akaona samaki aina ya perege walivyojaa, akabaki. Wengine wakamfuata. Tulikuwa watu wa sauti kubwa, maana tulizoea kuitana juu ya maji, na hata kanisani mchungaji alitusihi tupunguze. Wanaume walirudi asubuhi na nyavu, akina mama wakapara samaki na kuwakausha kwa moshi, na siku ya soko tukawapeleka Taveta.

Kisha matete yakaja. Mwanzo yalikuwa kando tu, halafu yakaziba mahali tulipoegesha mitumbwi, na maji yakawa mbali. Familia zikahamia Mboghoni kulima ndizi, moja baada ya nyingine. Mama alipofariki, baba alikuwa amebakiwa na jirani mmoja tu.

Likizo moja nilitoka Voi, ninakofundisha, nikaenda kumchukua. Nilimkuta ndani ya maji hadi kiunoni, anakata matete kwa panga. Alikuwa akifanya hivyo kila siku, na kila siku yakiota tena.

"Baba, hii njia unamkatia nani?"

Hakugeuka. "Wakirudi, watapita wapi?"

Niliweka mkoba chini, nikafunga leso vizuri, nikachukua mundu. Tulikata hadi jua likawa kali, tukapitisha mtumbwi, tukatokea kwenye maji meupe yasiyo na matete. Hapakuwa na mtu mwingine ziwa zima. Baba akaweka chini upondo aliosukumia mtumbwi, akaita kwa nguvu kuelekea nchi kavu, kisha akatega sikio.

"Hapa ndipo nilipokuwa nikimwita mamako," akasema. "Akisikia, anawasha moto."

Alikataa kuondoka nami. Nikarudi Voi peke yangu.

Masika yalipokuja alishikwa na malaria, na yule jirani akamleta kwangu kwa pikipiki. Alipona. Sasa anaishi nami katika nyumba ya kupanga, na kila asubuhi hutembea hadi kwenye reli, husimama kidogo, kisha hurudi kunywa chai.

Juzi jirani alinipigia simu. Alisema matete yamefunga kabisa, hata yeye hawezi kuonyesha njia ilikuwa wapi. Baba aliuliza nilikuwa nikiongea na nani. Nikamwambia ni mwalimu mwenzangu.