Namba Ishirini Iliyomfuta Kehinde

Saa mbili na nusu asubuhi, jenereta la jirani limeshaanza kunguruma, na Abosede Fagbohunlu anasoma mstari wa 23,410 wa programu ambayo hakuiandika yeye. Anasimama penye namba 20. Anachukua kalamu na kuandika daftarini: "Hii ni ya nini?"

Swali hilo ameshaliuliza mara 612 tangu mwezi uanze.

"Mama Ishirini, umefika wapi?" mwenzake wa meza ya pili anamtania.

"Nimefika kwenye upuuzi wako wa mwaka juzi. Kaa kimya."

Abosede, miaka thelathini na sita, ni mwandishi wa programu za kompyuta hapa Ibadan, Nigeria. Kampuni yake inatunza programu ambayo zahanati huitumia kuandikisha watoto wa chanjo na kuwaandikia dawa. Iliandikwa miaka kumi na tisa iliyopita kwa lugha ya C, na C haina huruma. Ukiiambia itenge nafasi ishirini za jina, itatenga ishirini, na moja huliwa na alama ya kufunga neno. Zinabaki herufi kumi na tisa.

Herufi kumi na tisa, kwa Wayoruba! Aliyeamua hivyo hakuwahi kumuuliza hata mama yake mzazi jina lake kamili.

Muulize Modupeola Adegbohungbe-Olorunfemi, muuza vitambaa vya adire. Sokoni wanamwita Iya Ibeji, kama aitwavyo kila mama wa pacha. Wanawe ni Taiwo, aliyetangulia kutoka, na Kehinde, aliyemfuata. Programu huanza na jina la ukoo. Ilipofika herufi ya kumi na tisa ikakata, na wote wawili wakaandikwa ADEGBOHUNGBE-OLORUN. Mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa. Kwa kompyuta, huyo ni mtoto mmoja.

"Taiwo alichomwa ya surua," anasimulia Iya Ibeji. "Kehinde alikuwa na homa, wakasema nimlete wiki ijayo. Namleta, karani ananiambia, 'Mama, huyu ameshachomwa.' Nikamwambia, dada, aliyechomwa ni mwenzake, huyu hapa mgongoni! Akanigeuzia kioo: 'Kompyuta inasema ameshachomwa.' Nikamuuliza, kwani kompyuta ndiyo iliyowazaa?"

Foleni nzima ilicheka. Kehinde akarudi nyumbani bila chanjo.

Miezi miwili baadaye alipata surua. Alilazwa siku kumi na moja, na leo sikio lake la kushoto halisikii. Mtoto amepoteza sikio kwa sababu jina la ukoo wake ni refu.

Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa ushauri: wazazi wafupishe majina. Mzee wa ukoo ule alipoambiwa, aliuliza kama wao nao wangependa kufupishwa miguu ili watoshe kwenye viti vyao.

Kisha meneja, Olumuyiwa Sodeinde, akatoa amri nyingine: kila 20 iliyomo ndani ya programu igeuzwe kuwa 60, zote kwa mpigo. Kijana mmoja wa ofisini alimaliza kabla ya chakula cha mchana, akapongezwa.

Abosede aliomba aone kabla haijapelekwa kwa wateja. Zile ishirini hazikuwa zote za majina. Moja ilikuwa kikomo cha mililita za dawa ya homa ambazo mtoto anaweza kuandikiwa kwa siku.

"Oga, bosi wangu, hii ishirini ni ya dawa," alimwambia meneja mbele ya watu. "Mmeifanya sitini. Mwanao utampa mililita sitini?"

"Abosede, punguza sauti. Wateja wanasubiri."

"Wasubiri hapa. Ukiwapelekea hii, watasubiri mochwari."

Sodeinde aliamuru yote yarudishwe yalivyokuwa, akampa Abosede kazi ya kuzipitia moja moja. Zipo 1,138. Ikiwa namba ni ya urefu wa jina, anaifuta na kuweka mahali pake neno linalotaja kazi yake, na thamani ya neno hilo inaandikwa sehemu moja tu. Panaponakiliwa jina, programu sasa inapima kwanza kama nafasi ya kulipokea inatosha. Ikiwa namba ni ya dawa au ya umri, nayo anaipa neno lake, ili asije mtu mwingine mwenye haraka akaichanganya.

Zimebaki 526. Lakini zahanati nyingine kumi na nne zilikuwa ziwekewe programu hii tarehe mosi, imekamilika au haijakamilika. Jumatatu iliyopita Sodeinde alimletea barua ya kuthibitisha kwamba iko salama.

Aliirudisha bila saini. Nyuma ya karatasi alikuwa ameandika jina la Kehinde, lote.

"Alinitishia kazi," anasema. "Nikamwambia sawa, mtafute mwingine asaini, ila jina lake lisizidi herufi kumi na tisa."

Hakupatikana mwingine. Tarehe imesogezwa wiki tatu, na Abosede anasema zinatosha. Amepanga kwenda mwenyewe kwenye zahanati ya kwanza siku ya kuwekewa programu, akae nyuma kabisa, asimwambie mtu yeye ni nani.

"Nikiifanya vizuri hakuna atakayejua nilifanya nini," anasema. "Karani ataandika jina, litaingia lote, mtoto atachomwa, atalia. Karani ataita, 'Anayefuata.' Mimi nitaondoka."