Kikapu cha Kumuaga Nyaga

Ireri wa mtaa wa Dallas mjini, mjane kwa miaka mitano sasa, alijigamba hakuna mgeni wa kumshinda. Basi binamu yake Nyaga akaja kutoka kijijini Kiambere kwa siku mbili, akakaa wiki tatu, akimpangia chakula cha kupika na kumkataza kugusa rimoti.

Kwao mgeni hafukuzwi. Anafungiwa zawadi za kupeleka nyumbani, anaelewa ni wakati wa kuondoka. Ireri akajaza kikapu ndizi na majani chai.

“Wapelekee watoto.”

Nyaga akacheka. “Kumbe umenichoka, mzee!”

“Kabisa!”

Nyaga akaondoka. Nyumba ikanyamaza, Ireri akasikia friji ikinguruma. Akatoka mbio mpaka getini.

“We Nyaga! Nani amekuambia uende kabla ya kula?”

Lakini bodaboda iliyombeba Nyaga ilikuwa imeshakata kona.