Pampu Isiyorudi Nyuma

Mtaani mume wangu wanamwita Jicho. Jina hilo alipewa kabla hajanioa, kwa sababu aliweza kuona ufa mwembamba kama unywele kwenye lehemu bila miwani, na hajaacha kuringa nalo. Kwa miaka ishirini na miwili anatengeneza mashine za hospitali kwenye chumba chetu cha mbele, mimi nikishona mapazia upande wa pili wa meza.

Jumatatu asubuhi muuguzi wa wodi ya watoto wachanga alirudisha pampu ya sindano ambayo Jicho aliitengeneza wiki iliyopita. Ni kisanduku chenye mota inayozunguka kwa hatua ndogondogo, ikisukuma dawa tone kwa tone.

"Fundi, inakwenda mbele tu. Ukiiamuru irudi ili tubadilishe sindano, inazidi kusukuma. Bahati tuliijaribu kwa maji."

Jicho akacheka, akasema mashine imeiga ukaidi wa mkewe. Muuguzi alipotoka, kicheko kikakatika.

Akabadilisha mota. Mbele. Akabadilisha kibao kinachoiendesha. Mbele. Akageuza nyaya mbili zinazopeleka umeme kwenye koili moja ya mota. Sasa ikarudi nyuma, na alipoiamuru iende mbele ikazidi kurudi nyuma.

"Mota ni nzima," akanong'ona. "Amri ya kugeuka ndiyo haifiki."

Amri hiyo ilipita kwenye waya mmoja wa kijani, na huo aliulehemu kwa mkono wake kwenye safu ya matundu ya kibao. Akauinamia na lenzi mpaka pua ikagusa kibao. Dirisha lilikuwa wazi, lakini jasho lilimtiririka.

Mimi nilijua. Miezi mitatu namwona akimimina chai nje ya kikombe kisha akilaumu kikombe. Baba mkwe alipopofuka alikuwa na umri kama alionao Jicho sasa. Nilinyamaza nikijiambia namsitiri mume wangu, kumbe naogopa tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na mimi nilikuwa nikimsaidia kuficha.

"Mama watoto," akaita bila kuinua kichwa. "Njoo uniangalizie. Waya wa kijani uko tundu la ngapi?"

Nikaangalia. "La tatu."

"La nne."

"La tatu, mume wangu."

Akachukua chuma cha kulehemia. Akauhamisha hadi la nne huku nikimwelekeza kama mtu anayemvusha mwenzake barabara. Pampu ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena. Nilitaka kumtania kwamba ujira wangu ni nusu, lakini alikuwa bado ameiinamia.

"Si imepona?" nikauliza.

"Tundu la tano ni la kasi," akasema. "Ningekosea kwenda upande ule, ingemwaga dawa yote kwa mara moja."

Nikaitazama pampu iliyokuwa mbele yetu.

"Mwezi huu umetengeneza pampu ngapi?"

"Tatu."

Mezani ilikuwepo moja; mbili zilikuwa wodini. Nikampa simu. Akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Kisha akanirudishia.

"Nitafutie namba ya muuguzi," akasema. "Na umwambie ni macho yangu. Usimwambie ni waya."

Nikapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Jicho alikuwa tayari anapapasa chini ya meza, akitafuta viatu vya kwendea hospitali.